Mtani Asiyechimba Kaburi

Kwa muda wa miezi mitatu nimelala na kuamka na neno moja la Kiingereza, lililochongwa chini ya picha iliyochapwa London mwaka 1736. Mchoraji wake ni William Hogarth. Picha ina umbo la ngao, mfano wa zile ngao za ukoo ambazo makabaila wa Ulaya walizitundika juu ya milango yao, ila badala ya simba na tai imejaa vichwa vya matabibu. Neno lenyewe ndilo jina la kundi hilo, nalo lina maana mbili. Kwa maana ya kwanza ni watu waliojitwisha kazi fulani. Kwa maana ya pili ni watu wanaolipwa kuzika maiti. Hogarth alitaka msomaji azisikie zote mbili kwa pamoja, kisha acheke.

Nilianza na "Chama cha Wazikaji", nikakifuta. "Wachimba Makaburi" nacho nikakifuta, maana kinanuka jembe na jasho, na hawa wa Hogarth wamevaa mawigi. Nikafika kwenye "wazishi", na hapo tabu ikazidi. Mzishi katika Kiswahili cha wazee si mtu wa kulipwa. Mzishi wako ni sahibu wako wa ndani kabisa, yule utakayemwachia mwili wako akuoshe, akuvishe sanda, akuteremshe kaburini. Ukimwita daktari mzishi kwa Kiingereza cha Hogarth, umemtukana. Ukimwita hivyo kwa Kiswahili, umekaribia kumpa cheo ambacho nduguye mwenyewe huenda hana. Dhihaka ya Mwingereza imevuka bahari, ikafika ufukweni kwetu imegeuka sifa.

Nimeona niliandike jambo hili hapa kwa kuwa wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa maneno, na kwa kuwa suala la picha zinazowadhihaki madaktari na wagonjwa wao, ambalo mtu angelidhani ni la makumbusho ya Ulaya, limenigusa nyumbani: mimi mkazi wa Mbinga, mwalimu wa Kiswahili, na mkwe wa watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa.

Kwanza nimalizane na Hogarth. Kitabu chenye nakala za chapa zake nililetewa na rafiki aliyesoma Uingereza. Ninasema chapa kwa makusudi, si picha tu. Mchoraji alichonga mistari kwenye bamba la shaba, bamba likapakwa wino, karatasi ikagandamizwa juu yake, na kila karatasi iliyotoka ikauzwa. Tajiri mmoja hununua mchoro wa rangi akaufungia sebuleni, ilhali chapa hutundikwa kwenye dirisha la duka, na asiye na senti husimama nje akacheka bure. Nguvu ya chapa ni wingi wake.

Sehemu ya chini ya ngao hiyo ina matabibu kumi na wawili waliosoma. Wengi wao wamebandika vichwa vya fimbo zao puani. Fimbo za madaktari wa zama hizo zilikuwa na kichwa kilichotiwa dawa ya harufu kali, waliyoinusa ili kujikinga na maradhi ya yule waliyekuja kumtibu. Mmoja ameinua chupa ya mkojo wa mgonjwa, mwenziwe amechovya kidole ili aonje. Sehemu ya juu wamekaa watatu ambao hawakuwa na shahada ya kuringia: mtibu macho mmoja, muuza vidonge mmoja, na katikati yao, mahali pa heshima, mwanamke mwunga mifupa aliyevalishwa nguo za kikaragosi na kushikishwa mfupa kama rungu. Bibi huyo aliitwa Sarah Mapp, na watu wa London walimfuata kwa makundi. Hogarth amewatia wote katika ngao moja, wasomi chini na wasio wasomi juu, kana kwamba anauliza: tofauti iko wapi, ikiwa wote mwisho wao ni kaburi la mteja?

Hapo ndipo ninapodai kwamba Kiswahili kilikwisha kumtangulia Hogarth. Yeye alihitaji bamba zima la shaba ili kuwaketisha pamoja daktari na mganga wa mtaani. Sisi tunalo neno moja tu. Daktari mkuu wa nchi kwa cheo chake rasmi ni Mganga Mkuu wa Serikali. Mkoa una Mganga Mkuu wa Mkoa, na kila kituo cha afya kina Mganga Mfawidhi. Kisha ukitoka ofisini kwa Mganga Mfawidhi, ukavuka barabara, unakutana na kibao cha bati kilichofungwa kwenye mti kikimtangaza mganga mwingine, anayerudisha mali iliyoibwa na mume aliyetoroka. Ng'ambo ya ziwa, Wanyanja husema sing'anga, na shina ni lile lile. Kuganga ni kutibu, na ni kutengeneza kilichoharibika kikashika tena. Ndiyo maana twasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndwele ni ugonjwa, basi methali nzima ni ya zahanati, ingawa husemwa zaidi kwenye mabaraza ya usuluhishi. Wachora vibonzo wetu hawakuhitaji kuumba utani wa daktari na mganga. Waliukuta umekwisha kuumbwa ndani ya msamiati wa Serikali yenyewe.

Na wachora vibonzo tumekuwa nao. Baada ya Azimio la Arusha gazeti la Uhuru lilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory. Likaja jarida la Sani, na humo akachora Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Jina la Ndunguru ni la Kimatengo. Ingia darasa lolote hapa Mbinga, ita Ndunguru, wataitika watoto watatu au wanne. Mmoja wa wahusika wake aliitwa Ndumilakuwili, jina la yule nyoka anayesemekana kuuma kwa pande mbili, na ambalo twampa mtu anayekula huku na kule. Nitalirudia jina hili baadaye.

Magazeti hayo yalitufikia kwa basi kutoka Songea, aghalabu yakiwa na umri wa siku kadhaa. Yalisomwa na mmoja, yakasikilizwa na kumi, kisha yakafungiwa maandazi, na yaliyosalia yakabandikwa ukutani kwa uji wa muhogo ili kuzuia vumbi la tope. Habari zilififia, hotuba zilififia, lakini vibonzo viliendelea kusomwa miaka, kwa kuwa hata asiyejua herufi alivielewa. Nimekulia katika chumba ambamo daktari mmoja wa kuchorwa alikuwa akiandika dawa kwa mwandiko unaofanana na njia ya siafu, na mgonjwa wake akiigeuza karatasi juu chini. Nilijifunza kumcheka daktari kabla sijamwona. (Maneno "kutwa mara tatu" nayo niliyajua kwanza kwa kibonzo. Hadi leo nayahesabu miongoni mwa maneno yenye mizani nzuri kabisa katika Kiswahili cha ofisini, na nashangaa kwamba washairi wameyaachia wafamasia.)

Mwambaoni dhihaka hiyo ilikuwa na mwili pia. Katika mganda, ile ngoma ya wanaume wenye kaptura nyeupe na soksi ndefu, inayoiga gwaride la askari wa vita vya wakoloni, vikundi vina vyeo kama vya jeshi. Katika vikundi nilivyoviona mimi kulikuwa na daktari. Alivaa koti jeupe, akaning'iniza kamba shingoni badala ya kipimo cha moyo, akazunguka kati ya wachezaji akiwapima jasho kwa uzito wa uso ambao hata watoto waliujua ni wa kuigiza. Mchezaji aliyeonekana sawa alitangazwa mgonjwa, na aliyechechemea akapitishwa. Watu walicheka hadi wakalala mchangani. Na waliocheka walikuwa na misheni yenye hospitali yake hapo hapo Liuli, na wazazi wao walizoea meli ya Chauncy Maples, iliyoelea ziwani humu tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini ikibeba mapadri, walimu na dawa. Daktari hakuwa mgeni kwao. Walimcheka mtu waliyemjua.

Sasa nije kwenye picha iliyonifanya niandike.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja mwenye duka la stesheneri alikikata kibonzo kutoka katika jarida kuukuu, akakikuza kwa mashine ya fotokopi hadi kikatosha ukurasa mkubwa, akakitia kwenye karatasi ya nailoni na kukiuza. Sikumbuki kuona jambo lililofanana zaidi na biashara ya chapa ya London kuliko hilo. Nakala ziliteremka mlima pamoja na magunia ya viazi, zikafika kwa vinyozi, kwenye vibanda vya soda na vilabu vya pombe, toka Mbamba Bay hadi Lituhi. Picha yenyewe ilikuwa hivi: daktari mnene mwenye miwani amekumbatia bomba la sindano lenye ukubwa wa mchi wa kutwangia, anakimbia. Mbele yake anakimbia mgonjwa, shuka imemvuka, na mgongoni amebeba kitanda chake cha hospitali, godoro na yote. Nesi anapunga mkono dirishani. Hakuna maneno.

Ni picha nzuri. Nasema hivyo bila kusitasita, na nitaendelea kusema. Mstari wa mguu wa mgonjwa una uhai, na kile kitanda mgongoni ni ubunifu wa mtu aliyewahi kulazwa. Kinyozi wangu mwenyewe aliitundika juu ya kioo, na kila mteja alipoinua macho alicheka, hata kinyozi akalalamika kwamba vichwa vinamtikisikia.

Lakini kwetu sindano si mzaha mtupu. Wasomaji wa miji mikubwa huenda hawajui uzito wa neno degedege. Mtoto mwenye homa kali hukakamaa, macho yakageuka, mikono ikapigapiga. Jina limetoka kwenye ndege: wazee husema kuna ndege, au pepo mwenye sura ya ndege, aliyempitia mtoto juu usiku. Hospitali huliita jambo hilo malaria kali. Kwa hiyo mwili mmoja una maradhi mawili kwa majina, na kila jina lina mlango wake. Malaria yaenda kwa daktari, degedege laenda kwa bibi anayejua majani. Na katika sehemu nyingi za nchi yetu, mwambao wetu ukiwamo, pana imani iliyoshika mizizi kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Asili ya imani hiyo si ujinga wa kubeza. Watoto wengi walifikishwa hospitali wakiwa wamekwisha kuchelewa, wakachomwa sindano, wakafa, na jicho la mzazi huunganisha mambo mawili yaliyofuatana.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anakaa kijiji kimoja kati ya Mbamba Bay na Liuli. Usiku mmoja wa masika mwanawe wa kiume, wakati huo ana miaka miwili, alishikwa. Ziwa lilikuwa limechafuka, mtumbwi haukuwezekana, lakini bodaboda ilikuwapo na dereva alikuwa tayari kwenda. Bibi wa mtoto akakataa. Alisema tulichotarajia aseme, kwamba sindano itamwua. Mjomba mmoja aliyesoma kidogo akajaribu kubishana naye. Ndipo bibi akainua taa, akamulika ukuta wa sebule ambako mjomba huyo huyo alikuwa amebandika nakala yake ya picha ile, akasema: "Mwanangu, hata wenyewe wameichapa."

Nilisimuliwa maneno hayo kesho yake, na hayajanitoka. Wenyewe wameichapa. Bibi hasomi. Kwake karatasi iliyopita kwenye mashine hutoka kwa wakubwa: vyeti vya kliniki, matangazo ya kata, mabango ya ukuta wa zahanati yenye picha za mama na chandarua. Hii nayo ilikuwa ya mashine, ina daktari, ina nesi, ina sindano. Aliisoma kama alivyozoezwa kuyasoma mabango mengine yote, kama tangazo la Wizara. Kwamba mgonjwa anakimbia na kitanda ilikuwa nasaha. Na kama mtu atasema bibi hakuielewa picha, nitamjibu kwamba aliisoma kwa makini kuliko sisi tulioicheka.

Mtoto aliogeshwa majani hadi alfajiri. Alipokakamaa kwa mara ya tatu mama yake hakumwuliza mtu. Alimfunga mgongoni na kupanda pikipiki. Hospitalini alichomwa sindano, akatundikiwa dripu, siku ya tatu akaomba maji. Sasa yuko darasa la tatu. Anapiga mpira vizuri. Ila akizungumza husimama katikati ya sentensi akalitafuta neno, neno dogo tu, kijiko au kesho, na ukimpa haraka hukasirika. Nimejifunza kungoja. Sisemi picha ndiyo iliyofanya hivyo, kwa maana bibi angekataa hata ukuta ungekuwa mtupu. Nasema kwamba hofu yake ilikuwa haina sura, na usiku ule ilipata sura, tena sura iliyochapwa.

Nilipokifungua tena kitabu cha chapa nikakutana na James Gillray, mwaka 1802. Miaka minne kabla yake, Edward Jenner alikuwa ametangaza kwamba mtu akichanjwa kwa usaha wa ugonjwa mwepesi wa ng'ombe hapati ndui. Gillray akachora chumba cha hospitali. Mwanamke ameketi kwenye kiti, hofu imemtoa macho, Jenner amemshika mkono na kisu kidogo. Pembeni amesimama mtoto na ndoo ya usaha. Na kuwazunguka, wale waliokwisha kuchanjwa wanaota ng'ombe: ndama anatoka begani, mwingine puani, mwingine anachungulia kwenye jipu la mkono. Ukutani imetundikwa picha ya watu wanaomsujudia ndama.

Je, Gillray anamcheka nani? Wanazuoni wengine husema anawacheka waoga walioamini upuuzi huo. Inawezekana, na mimi naelekea kukubali, kwa sababu ng'ombe wake wamezidi mno kuwa wa kuaminiwa. Lakini picha iliyotengenezwa kuwacheka waoga ndiyo ambayo mwoga angeitundika nyumbani kwake kama ushahidi. Ndumilakuwili. Imeng'ata kwa kichwa na kwa mkia. Anayecheka huiona hofu imedhalilishwa, na anayeogopa huiona imethibitishwa, nayo ni karatasi ile ile ya duka lile lile.

Kwa watu wa lugha pana jambo jingine hapo. Jina la chanjo katika lugha za Ulaya limetoka kwenye neno la Kilatini la ng'ombe, ndiyo maana utani wa Gillray ulimea wenyewe, ng'ombe alikuwa tayari ndani ya neno. Katika Kiswahili chanjo imetoka kwenye kuchanja, na kuchanja ndiko anakofanya mganga wa kienyeji kwa wembe anapotia chale na kupaka dawa kwenye damu. Hatuna ng'ombe, tuna wembe. Kwa hiyo Gillray wetu akitokea hatachora ndama. Atachora nesi wa kliniki na mganga wa chale wakigombea mkono mmoja wa mtoto, kila mmoja akisema "nachanja", na wote wawili wakisema kweli.

Rafiki zangu wawili, wote watunzi, niliwasimulia haya, na mmoja akasema upesi kwamba basi picha za namna hiyo zikatazwe. Sikubaliani naye hata kidogo. Mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500, kukawa na foleni za magari za kilomita nyingi, na viongozi wa Serikali nao wakaenda kunywa. Ukiniuliza ni nani aliyelisema jambo hilo kwa utulivu wakati ule, nitakutajia wachora vibonzo kabla ya wahariri. Ninavyokumbuka, vibonzo vilivyonichekesha zaidi havikumlenga maskini aliyeuza mbuzi apate nauli. Vilimlenga mkubwa aliyetua kwa helikopta akakaa mbele ya foleni. Kejeli iliyojua pa kulenga.

Tena kejeli ya utabibu si adui wa utabibu. Mwaka 1840 kitabu cha tenzi za kuwadhihaki madaktari kilitoka Paris kikiwa na vielelezo vya Honoré Daumier, na mtunzi wake, François Fabre, alikuwa daktari mwenyewe. Alizijua siri za wenzake, akazitia vina. Nani kwetu atafanya hivyo? Tunao madaktari washairi, lakini beti zao ni za mapenzi.

Rafiki yangu wa pili, mzee zaidi yetu, alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza: "Huyo mchoraji ni mtani wa nani?"

Swali hilo limenifaa kuliko vitabu vyote. Wenye kuujua utani wanajua kwamba mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Huingia msibani, akavaa kanzu ya marehemu, akakohoa kikohozi chake, akaigiza alivyokataa dawa na alivyomtongoza nesi. Wafiwa hucheka machozi yakiwa hayajakauka. Hakuna mchora kibonzo aliyewahi kumdhihaki mgonjwa kwa ukali kama mtani anavyomdhihaki maiti. Lakini ruhusa hiyo ina gharama. Mtani huyo huyo ndiye mwenye jembe. Yeye huchimba, hubeba, huteka maji, husimamia chakula. Na kabla ya hapo, mtu alipougua, alikuwa miongoni mwa waliomtembelea. Amelipa kwa mikono anachokisema kwa mdomo. Mtani ni mzishi.

Chapa inao mdomo wa mtani, haina mikono yake. Imebandikwa ukutani kijijini, mbali na aliyeichora, mbali na aliyeikuza kwa fotokopi, na usiku mtoto anapokakamaa haiwezi kusema "nilikuwa nataniana, mpelekeni." Daktari wa mganda alikuwa jirani. Akikutangaza mgonjwa mchana, jioni ungemkuta kwenye mtumbwi akikuvusha. Hili si kosa la mchoraji, ndiyo hali ya karatasi. Hogarth alipowaita madaktari wazishi, aliwadhihaki kwa kazi ambayo kwetu ndiyo ingempa haki ya kuwadhihaki.

Kwa hiyo nimeliacha neno "wazishi" katika tafsiri yangu, likiwa na ule upotofu wake wa kuheshimu pale Hogarth alipotukana. Mwenye neno linalouma zaidi na alilete.

Picha ya sindano imebaki kwenye baadhi ya vibanda, wino umepauka. Mwaka jana nesi mmoja wa zahanati ya huko mwambaoni aliiona kwa kinyozi, akacheka hadi akakaa, kisha akaomba apewe. Kinyozi akasita, maana ni picha ya kuwacheka watu wa kazi yake. Nesi akasema ndiyo sababu anaitaka. Aliibandika katika chumba cha sindano, usawa wa macho ya mtoto anayelazwa kifudifudi, kwa kuwa, alivyonieleza, mtoto anayecheka halikazi paja. Mabibi wanaowaleta wajukuu huiona akiwa amesimama mbele yake na bomba dogo mkononi, nao huangalia huku, wakaangalia kule. Nilipompeleka mtoto wa shemeji yangu kuchomwa sindano ya pepopunda baada ya kukanyaga msumari, aliikodolea macho muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akanyoosha kidole. Nikangoja. Akasema mguu wa yule mgonjwa una vi-, una vi-, nesi naye akangoja, pamba ikiwa mkononi, na mstari wa watu nje ukarefuka. Vidole sita, akasema. Tukahesabu sote watatu, na kweli ni sita.